Chungu Nilichomshikia Moringe

Ng'ombe wa jirani yangu Moringe walikula mahindi yangu hapa Masanze mwaka ule wa mvua kubwa, yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Ofisini kwa mtendaji wa kijiji wakaniambia suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi hadi leo. Wote wamesahau, hata ng'ombe wenyewe. Mimi sijasahau.

Kwa hiyo Nalotuesha, mke wa Moringe, alipomwazima mke wangu chungu chake, nikakishika. Chungu kizito cha udongo mgumu, kinang'aa kama sahani, alichopewa na hoteli moja ya watalii Mikumi walipobadilisha vyombo. Nikatuma ujumbe: Moringe aje aseme "nimekosea" kwa mdomo wake, nyumbani kwangu, ndipo akichukue.

Akaja asubuhi, fimbo begani, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Nami, ili aumie vizuri, nikatia maharage kwenye chungu chake na kukibandika kwenye gesi.

"Ongeza moto, Baba Vitalis," akasema kwa upole. "Huo utakawia."

Nikanyoosha mkono. Mke wangu, Filomena, akauzima.

"Huoni anakuombea kipasuke? Gesi inachoma katikati tu, pembeni baridi. Kikipasuka, ngoma droo, na mahindi yako yameishia hapo."

Moringe akatazama paa.

"Basi nakipeleka kwenye mafiga," nikasema. "Mama alipikia chungu kwenye kuni maisha yake yote."

"Cha mama kilikuwa cha kuni. Hiki kimezoea oveni."

"Oveni tutaitoa wapi Masanze?"

"Kwani keki za kipaimara naziokea wapi, kichwani?"

Akajaza mchanga kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, moto mdogo, akakizamisha chungu humo, akafunika kwa bati lenye makaa machache. Joto likapanda polepole kuliko malalamiko yangu pale ofisini. Maji yalipopungua nikachota kata ya maji ya mtungini. Akanipiga mkono.

"Ya moto. Ukimwagia baridi umekiua."

Moringe akangoja. Nikangoja. Njaa ikatuzungumzisha habari za mvua na mbuzi, mpaka jua likapinda.

Maharage yakaiva, chungu kizima. Ushindi ukanizidi. Nikakinyakua kwa kitenge, nikampitishia Moringe puani, nikakitua mbele yake, kwenye saruji ambayo Filomena alikuwa ametoka kuipiga deki.

Tukasikia ta.

Maharage yakatambaa kuelekea mlangoni. Filomena alinitazama tu, akingoja. Moringe naye akangoja. Nilijua wanangoja neno gani, maana nililichagua mwenyewe.

"Nimekosea," nikasema.

"Sikusikia vizuri," akasema Moringe, akichota maharage kwenye kipande kilichobaki kimesimama.

"Nimekosea. Haya, na wewe sasa, ya mahindi."

Akatafuna kwanza, akameza.

"Mimi sikula mahindi, Baba Vitalis. Nitawauliza ng'ombe."

Filomena akacheka mpaka akakaa chini. Hilo nalo sitalisahau.