Dirisha Lililochorwa kwa Nje

"Umelichora kinyume," Mwalimu alisema kwa mara ya tatu. "Sasa sisi ndio tuko nje."

"Dirisha ni dirisha," Mama Pacha alijibu kutoka juu ya ngazi. "Lina fremu, lina mbao, lina vioo. Ulitaka nini tena, mapazia?"

"Nilitaka wanafunzi wangu waone mti, waone wingu. Wanamwona mtu anakunywa chai."

Hilo lilikuwa kweli. Kwenye ukuta wa nyuma wa darasa la kisomo cha watu wazima, mahali ambapo asubuhi palikuwa na saruji tupu, sasa palikuwa na dirisha la kijani la mbao mbili, rangi bado mbichi pembeni. Nyuma ya vioo mwanamume mwenye tai alikuwa anakoroga chai mezani kwake. Ofisi yake ilikuwa na kabati la chuma, kalenda ya mwaka uliopita na taa nne zilizowaka mchana kweupe.

Mume wa Mama Pacha aliingia na benchi begani. Ni seremala, na mambo ya madirisha habahatishi. Alitua benchi, akausogelea ukuta, akapapasa fremu.

"Bawaba ziko huku," alisema. "Na kibao cha kumwaga maji ya mvua kiko huku. Hapa tulipo ni nje, mke wangu. Mwalimu kakushinda."

"Kwani wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa bawaba."

Kosa lilitokana na kazi. Mama Pacha huchora nyumba za watu. Aliyejenga, aliyehama, aliyeuza akabaki anaikumbuka, wote huja kwake, naye husimama ng'ambo ya barabara na mwavuli, akaichora nyumba ili ikaning'inizwe sebuleni. Kwa miaka kumi na sita ameyatazama madirisha ya watu akiwa barabarani. Humalizia kazi barazani kwake, kati ya kamba ya sare za shule na meza ambayo watoto wake pacha hufanyia hesabu, na brashi akiiweka chini dakika moja huikuta kwenye glasi ya miswaki. Mwalimu alipomwomba ajitolee kuchora dirisha, mkono ulifanya ulichozoea.

Dirisha lilikuwa linahitajika kweli. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafagio nyuma ya ukumbi wa jamii, na Mwalimu, ambaye amestaafu lakini hajui kukaa, alikuwa akiwafundisha humo wanawake saba kila Jumatatu na Jumatano alasiri, chini ya balbu moja yenye kununa. Jengo ni la manispaa, kwa hiyo hakuruhusiwa kutoboa ukuta bila kibali. Aliomba kibali miaka sita iliyopita. Kila alipoulizia aliambiwa ombi linashughulikiwa. Mwanzoni mwa mwezi ikaja barua ya manispaa: chumba kisicho na dirisha si darasa, na kitafungwa siku ya mwisho ya mwezi. Hiyo iliandikwa na kufika ndani ya siku nne.

Mmoja wa wale saba alikuwa mama mkwe wake Mama Pacha. Bibi huyu alikuwa na sababu moja tu ya kujifunza kusoma, na sababu hiyo haikuwa siri. Binti yake anaishi mbali na kila Jumapili humtumia ujumbe mrefu kwenye simu. Miaka yote Mama Pacha ndiye aliyemsomea. Akifika sehemu zinazomhusu yeye mwenyewe, maana wifi yake ana mdomo, alikuwa anakohoa na kuruka.

"Ujumbe mrefu hivi," mama mkwe alisema siku moja huku akiupima kwa kidole kwenye kioo, "na maneno machache hivi." Jumatatu yake akaenda kujiandikisha.

Kwa hiyo dirisha lilibaki lilivyo. Mama Pacha alisubiri rangi ikauke, akalifungua, na hewa ya kiyoyozi ikamwagika darasani. Yule bwana aliinua kichwa.

"Fungeni kidogo," alisema. "Baridi yangu inatoka."

"Tutaacha nusu," Mwalimu alijibu.

Nusu iliwatosha. Wiki ile wanawake walikuja na sweta. Taa nne za ofisini zilimulika hadi benchi la mwisho, na aliyekuwa akiisoma b kama d akaona kwamba tumbo liko upande wa pili. Yule bwana aliwazoea upesi. Walipokuwa wakiitikia silabi kwa pamoja, alionekana akitikisa mguu chini ya meza. Mara moja alikopa kifutio, akakirudisha.

Jumatano ya wiki ya tatu, katikati ya somo, mama mkwe alisimama. Alikuwa anatazama meza ya yule bwana, mahali palipokaa chupa ya chai.

"O-mbi," alisema. "O-mbi la... di-ri-sha."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kuyasoma nje ya kitabu. Mwalimu alikwenda dirishani akavaa miwani. Chini ya chupa ya chai palikuwa na faili la bluu, na juu ya faili maneno hayohayo kwa herufi kubwa, na muhuri wa manispaa.

"Shikamoo, mama," yule bwana alisema, maana mama mkwe naye alikuwa ameshafika dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Hilo faili chini ya chupa ni letu."

"Ni lenu, mama. Linashughulikiwa."

"Lina duara la chai."

"Ni kwenye jalada tu. Ndani halijaguswa."

Mwalimu alimwambia kwamba haidhuru, walichoomba ni dirisha, na dirisha sasa lipo, basi aifute ile amri ya kufunga. Yule bwana hakukataa. Alifungua droo, akatoa kitabu cha kanuni, akasoma pole pole ili wanafunzi wafuate. Dirisha la darasa ni lile linalotazama nje. Hili lilikuwa linatazama ndani. Kwa mujibu wa kanuni, mahali walipokaa ni nje, na nje hakuna darasa. Tena kama wana malalamiko, wayapeleke mapokezi, kwa sababu dirisha lile halikuwa la kupokelea watu.

"Amesoma vizuri," mmoja wa wanawake alisema. "Hakukwama hata kidogo."

Jumapili iliyofuata ujumbe uliingia kama kawaida. Mama mkwe alikaa nao barazani kuanzia chakula cha mchana. Pacha walimpita mara mbili, wakafukuzwa mara mbili. Alasiri Mama Pacha alikuja kuanua sare akamkuta ameweka kidole kwenye kioo, hakisogei.

"Nikusomee, Mama?"

"Hapana. Wewe ukifika hapa hukohoa." Alipangusa kioo kwa kanga. "Nimesoma salamu zote. Nimesoma mvua. Nimefika 'mwambie mke wa kaka'. Mbele pana neno lenye ng'ombe katikati, ng na kile kialama chake. Mwalimu bado hajatufikisha."

"Na darasa likifungwa?"

"Litanifia hapohapo kwenye 'mke wa kaka'."

Mama Pacha hakuwa malaika. Alikunja sare ya kwanza akiwaza kwamba darasa likifungwa, mambo ya wifi yatabaki yalipo na nyumba itakaa kwa amani. Akakunja ya pili. Mama mkwe alikuwa amekirudisha kidole mwanzo wa mstari, anaanza upya, midomo inacheza. Mama Pacha aliweka nguo chini akaenda kuangalia amebakiza rangi kiasi gani.

Siku ya mwisho ya mwezi iliangukia Jumatano. Saa tisa na robo alifika mtu wa manispaa na kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake. Alikuwa mtu mpole. Alisema ameambiwa afunge saa kumi kamili, basi wao waendelee tu, yeye atakaa mlangoni.

Wanawake hawakuendelea. Walivifunga vitabu, wakaviweka magotini. Mwalimu alifuta ubao ingawa haukuwa na kitu. Upande wa pili wa dirisha yule bwana alikuwa anatia sukari.

"Nipisheni hapo ukutani," Mama Pacha alisema, akiingia na kopo la rangi.

"Unataka kufanya nini?" Mwalimu aliuliza. "La pili? Atasema nalo linatazama ndani."

"Si amesema sisi tuko nje?"

"Amesema."

"Basi tuingie."

Akaanza palepale, bila penseli, kushoto kwa dirisha. Mlango wa kijani, rangi ileile, nao umechorwa kwa nje, maana huo ndio anaoujua. Alikuwa amefika kwenye komeo mume wake, aliyekuja kuondoa mabenchi, aliposogea.

"Fanya wa mbao mbili," alisema. "Benchi halipiti hapo."

Mkewe alifuta kwa kitambaa, akapanua. Mtu wa kufuli alimshikia ngazi alipofika juu, kisha akatazama saa yake na kusema zimebaki dakika kumi. Mama Pacha alimaliza kitasa zikiwa zimebaki tano. Rangi ilikuwa mbichi na muda wa kungoja haukuwepo.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia. Alijifunga kanga vizuri, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Karibuni," yule bwana alisema. Alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri akipigiwa hodi ulimi hujibu wenyewe.

Mlango ukafunguka. Wanawake saba waliingia wakibeba mabenchi, kila mmoja akiambulia kijani begani. Seremala aliingiza ubao, akaupima kwa macho, akauegemeza kwenye kabati la chuma. Mwalimu aliingia na chaki. Mama Pacha akaingia wa mwisho na kopo lake, na nyuma yao wakamsikia mtu wa kufuli akifunga stoo tupu saa kumi kamili, kama alivyoagizwa.

Yule bwana alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Hakuwazuia. Alitafuta katika kitabu cha kanuni kipengele cha watu waliokaribishwa, hakukipata, akarudisha kitabu kwenye droo. Kisha aliinua faili na chupa kwa pamoja, bila kuvitenganisha, akavisogeza pembeni ili mama mkwe apate pa kuweka kitabu.

"Na mimi nikae wapi?" aliuliza.

"Hapahapa, karibu yangu. Vitabu havitoshi, tutashirikiana." Mama mkwe alilamba kidole akafunua ukurasa wa ng na kialama chake. "Kusoma unajua?"

"Najua, mama."

"Haya," alisema, akamsogezea kitabu. "Tutaona."