Askari wa Damu ya Okito

Émilienne ndiye aliyezigundua kwanza. Alikuwa akimnyoa mume wake, kaka yangu Okito, uani kwetu Kindu, na wembe ukasimama chini ya sikio. Tezi za shingo zilikuwa zimevimba, ngumu kama maharage mabichi. Okito alicheka, akasema ni baridi ya mto. Alikuwa fundi wa treni, mtu wa mabega. Jioni tulimsikia akiimba kabla hatujamwona, na harufu ya mafuta ya mashine ilimtangulia mlangoni. Mpaka leo nikiinusa popote, nageuka.

Mwaka uliofuata, Jumamosi za salongo, majirani walipofyeka majani barabarani, yeye alikaa juani amejifunika blanketi.

Mama yetu, Hawa, hakuamini kwamba ni ugonjwa. Mtu mwenye nguvu vile, alisema, hakondi hivyo bila mkono wa mtu. Mkono huo akaupata kwa Émilienne, Mkristo wa Kibombo aliyeolewa katika nyumba yetu ya Kiislamu, ambaye hakuwa amemzalia mjukuu. Wajomba wakakutana, wakakata neno: arudi kwao. Émilienne hakubisha. Alifunga nguo zake katika kikwembe, akaanza kungoja treni, ambayo wakati huo ilikuja ilipotaka.

Katika kungoja huko, Okito akaomba daktari aje aseme mbele ya wote.

Daktari Paul, aliyesomea Kinshasa, alikaa nasi mkekani. Alieleza kwamba ndani ya damu wamo askari wanaoulinda mwili, na kirusi cha sida, ukimwi huo aliokuwa nao Okito, huwaingia hao hao. Hayo tulishayasikia redioni. Lakini akasema pia kwamba askari wengi wanaokufa, kirusi hakijawagusa. Watafiti wachache walikuwa wameanza kufikiri kwamba ni mwili wenyewe: umeitwa vitani, haupumziki, mwishowe unawamaliza askari wake, na wengine wanajiua. Ndiyo maana tezi zilivimba mapema. Vita vilikuwa vikipiganwa humo, Okito akiwa bado anaimba.

Kaka aliipapasa shingo yake.

“Docta, basi ni mwili yangu njo inaniua?”

“Inakutetea,” daktari alijibu. “Haijue tu kuacha.”

Mama alikuwa akiitazama mikono ya mwanawe, iliyobaki mifupa na kucha. Akauliza, polepole, kama mtu anaweza kumtumia mwenzake kitu cha namna hiyo kwa uchawi. Daktari akasema hapana. Akaongeza kwamba Émilienne naye apimwe, na kwamba hakuna anayejua ni nani alitangulia kuupata ugonjwa, wala kujua hakutamponya yeyote.

“Mama,” Okito akasema, “muke yangu abakie.”

Mama akainuka, akaenda kuangalia moto.

Treni ilifika kesho yake. Tuliisikia ikipiga honi upande wa gare, na Émilienne akainuka, akachukua kifurushi chake. Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa.

“Émilienne, weka hiyo chini. Maji ya kumuogesha Okito imepata moto. Njoo tumushike wote wawili.”

Okito alifariki kabla ya mvua kurudi. Émilienne akabaki nyumbani kwetu, akalala chumba kimoja na Mama, na asubuhi niliwasikia wakibishana juu ya chumvi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kisha naye akaanza kukonda. Ndugu zake walikuja kutoka Kibombo kumchukua. Mama aliwapikia wali na samaki, akawangoja wale, washibe, wanawe mikono, halafu akawaambia kwa adabu zote kwamba binti yake hasafiri.