Kifaru Alichokiacha Kaka

Fundi mmoja wa kupuliza rangi za magari aliitwa Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama mlangoni ukachana nywele. Sifa hiyo aliijua, na usidhani alikuwa akiikataa. Hakuweza kupita penye mlango uliobonyea bila kuupapasa na kuguna, hata kama gari si lake wala mwenyewe hakumwita.

Basi shemeji yake, mjane wa kaka yake, alipomletea gereji boksi la viatu na kumwomba amalizie kilichomo, Kioo hakuuliza mara mbili. Ndani mlikuwa na kifaru kidogo cha plastiki, mfano wa vile vya Wajerumani wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambacho marehemu alikuwa akikiunganisha kitandani muda wote wa ugonjwa wake. Minyororo ilishafungwa, mzinga umesimama, kila kitu kipo mahali pake. Kilichobaki ni rangi tu.

"Alitaka kiwe cha rangi ya mchanga," shemeji alisema. "Makopo yamo humo humo. Mimi mkono huo sina. Na hiki ndicho kitu cha mwisho alichokitengeneza, shemeji. Sina kingine."

"Niachie mimi," Kioo akasema. "Kitang'aa."

Hapo ndipo alipoanza kukosea, maana hakuna aliyemwambia king'ae.

Alipobaki peke yake alivaa miwani, akakikagua. Loo, aliona aibu kwa niaba ya marehemu. Mwili mzima wa kifaru ulikuwa umepakwa puti, ule ujiuji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, na puti yenyewe ilikuwa matuta matupu, mstari juu ya mstari, mingine imepinda kama shamba lililolimwa na mlevi. Kioo akajua mara moja: huu ni mkono wa mgonjwa. Siku za mwisho kaka yake alikuwa akishindwa hata na kikombe cha chai. Machozi yakamlenga. Watu wasije wakaiona kazi hii kabatini wakamcheka marehemu, alijisemea. Lazima nimsitiri kaka yangu.

Akachukua msasa. Alianza na ule mkali, akaja na laini, akamalizia na wa maji. Mwenye teksi alifika kufuata gari lake akaambiwa arudi kesho, akaondoka akisonya. Ubavu wa kulia ukanyooka, wa kushoto ukanyooka, na mbele pakawa laini kama shavu la mtoto. Vumbi la puti akalipuliza likaenda zake. Ilikuwa imebaki sehemu ya nyuma tu, shemeji akatokea mlangoni kutazama kazi imefika wapi.

"Karibu, shemeji. Hebu papasa hapa uone."

Shemeji hakupapasa. Alisimama na mkoba wake begani, akizitazama zile mbavu.

"Umeyatoa," alisema.

"Nimetoa nini? Puti ilikaa vibaya, nikainyoosha."

"Haikukaa vibaya. Vifaru vyenyewe vilikuwa hivyo. Walivikandika kitu kizito, wakakichora matuta, ili mabomu ya sumaku yasinate. Alinieleza mpaka nikachoka. Akayachora kwa kijiti, tuta moja moja, mimi nimemshikia taa. Mkono ukianza kutetemeka anapumzika, halafu anaendelea."

Kioo akakaa juu ya ndoo. Ufundi wote ule aliokuwa akijivunia, na leo alikuwa ameifuta kazi ya mwisho ya kaka yake, tena kwa mapenzi. Alijichukia.

"Nitayarudisha," alisema. "Puti ninayo. Nitachora vilevile."

"Yatakuwa yako. Hayatakuwa yake."

Maji yakishamwagika hayazoleki.

Shemeji alivuta kiti, akakigeuza kifaru. Nyuma matuta yalikuwapo bado, yamepinda huku na huku. Aliyapitishia ukucha polepole, akalia kidogo bila sauti, kisha akajifuta kwa kiganja.

"Nilikuwa namsitiri," Kioo alisema. "Nilidhani ni ugonjwa."

"Najua. Nimekukasirikia, lakini najua. Sasa paka rangi. Alitaka kipakwe rangi."

Kioo alipuliza rangi nyepesi kuliko zote alizowahi kupuliza, asije akayaziba yale matuta machache. Mara mbili ilibidi asimame kwa sababu alikuwa haoni, na ubaya haukuwa wa miwani.

Kifaru sasa kipo kwenye kabati la sebuleni kwa shemeji, mzinga umeelekea ukutani. Wageni humwambia amekiweka kinyume, na wengine huinuka wakigeuze. Kioo akiwapo huwawahi. "Kiacheni hivyo hivyo," huwaambia. "Huo ndio upande wa kaka. Huku kwingine niliharibu mimi."