Mtama Kwenye Fundo la Kanga

Nilisahau mtama. Kijijini kwetu Ndama hilo si kosa dogo, maana vijana wakishakanyaga ndizi, juisi isiyotiwa mtama haichachuki ikawa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Siku ya kumkumbuka marehemu mume wangu, wazee wa ukoo walikunywa maji matamu ya ndizi, wakatazamana.

Shemeji yangu Polikarpi, aliyekitolea macho kibanja changu, shamba langu la migomba, tangu kaka yake afe, hakungoja.

"Akili zimemtoka Immaculata," akasema. "Juzi ameunguza maharage. Kibanja nikishike mimi."

Nilikasirika, lakini niliogopa zaidi, kwa sababu maharage niliyaunguza kweli. Tangu hedhi ianze kunikatika nilikuwa nalowa jasho, usingizi sina, majina ya watu yananikimbia. Nilidhani wazimu umeshanibishia hodi.

Binti yangu Kemirembe, daktari, alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Shikamooni, wazee," akasema. "Mama si mwendawazimu. Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni iitwayo estrojeni, nayo husaidia kuulinda ubongo. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka sana, na ubongo huchukua muda kuzoea."

"Ndiyo maana mali hushikwa na mwanaume," Polikarpi akadakia. "Sisi hatuna mambo hayo ya kike."

"Mnayo, baba mdogo. Ubongo wako huitengeneza estrojeni hiyohiyo kutoka kwenye homoni ya kiume, mpaka uzeeni. Ila yenu hupungua polepole."

Wazee walicheka hadi Polikarpi akainamisha kichwa. Hata hivyo Mzee Rwezaura, mkuu wa ukoo, aliamua nitengeneze rubisi nyingine. Ikiharibika, kibanja kiende kwa shemeji.

Sikukiamini kichwa changu peke yake. Nilifunga konzi ya mtama kwenye fundo la kanga, kiunoni, iwe ya kunikumbusha. Na kweli, ndizi zilipokwisha kukanyagwa, nilianza kuufunika mtumbwi wa kuchachushia pombe, nimesahau kabisa. Nilipoinama, fundo likanibana tumboni. Nilicheka peke yangu, nikaenda kuleta mtama.

Rubisi ile ilikuwa kali. Mzee Rwezaura alifuta midomo, akasema kibanja ni cha Immaculata na maneno yamekwisha. Aliyekunywa kupita wote ni Polikarpi.

Asubuhi alirudi peku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nakumbuka alikoviacha viatu vyake.

"Nakumbuka, shemeji," nikamjibu, na furaha sikuificha. "Viko pale, chini ya mgomba wangu."