Ute wa Yai

Nyumbani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata paka. Kazi yake ilikuwa maabara, kutengeneza vipande vidogo vya dhahabu vilivyopakwa kingamwili, vya kunasa protini inayovuja moyo ukiumia. Protini ikinaswa, umeme unaopita kwenye kipande hushuka na jibu limepatikana. Hakuna rangi wala alama ya kuonekana kwa macho.

Jumatatu moja alidondosha ute wa yai kwenye kipande kimoja, kujihakikishia tu. Umeme ukashuka. Ute wa yai una moyo gani? Akarudia, ukashuka tena. Hapo jasho likamtoka. Kundi lile zima la vipande hakuliloweka! Sehemu za dhahabu zilizobaki wazi lazima zizibwe kwanza kwa kulowekwa saa nzima kwenye dawa ya kuziba, la sivyo kila protini inayopita inajishikiza. Yeye aliiruka saa hiyo kwa pupa ya kwenda kujionyesha.

Na alijionyesha kweli. Wiki mbili nyuma alimpima shangazi yake damu sebuleni kwa kipande cha kundi hilohilo, kwa mbwembwe zote. "Shangazi, moyo wako umeumia. Husafiri!" Shangazi alikuwa ameshafunga mizigo kwenda kwa binti yake aliyekaribia kujifungua. Akaifungua, akalazwa siku mbili, na hospitali hawakuona kitu. Hilo halikumtikisa shangazi. Alitangaza mtaa mzima kuwa mtoto wa kaka yake ameuwahi ugonjwa.

Mchana wa Jumatatu hiyo Daktari alimkuta shangazi akipiga soga na jirani.

"Karibu, mwokozi wangu! Jirani, si ndiye huyu niliyekuambia?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shangazi, sijakuokoa. Kipimo kilikuwa kibovu, nilikiharibu mwenyewe. Moyo wako ni mzima, ulikuwa mzima siku zote."

Jirani akakumbuka ghafla kuwa ameacha sufuria motoni, akaondoka. Shangazi alimtazama kama mgeni.

"Mwanangu aliteseka siku mbili na uchungu, ananiita," alisema. "Mimi niko hapa nimejilaza, mzima wa afya."

Akabonyeza simu yake, akamsukumia. "Mwambie wewe."

Simu ikapokelewa. Kichanga kilikuwa kinalia.

"Mama?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Nina neno la..."

"Dada! Umeniwahi, nilitaka nikupigie mwenyewe," binti akamkatiza kwa furaha. "Bila wewe mama tungekuwa tumeshamzika. Mtoto tumempa jina lako."