Kiti cha Mashujaa wa Tandaridhi

Nchi ya Tandaridhi ilikuwa imejinyoosha baina ya milima miwili, mahandaki yake ya vita yamekwisha kuota mtama, watu wake wamerudia kucheka, na juu yao, katika kasri lenye madirisha mengi kuliko wakazi, alitawala Mtukufu Jabanda, ambaye vita vilipopamba moto alikwenda ng'ambo kutibiwa mgongo, akarejea siku ya ushindi na medali tele kifuani. Mgongo ulikuwa umepona asubuhi ile ile.

Watandaridhi hawakuwa na makaburi ya vita, kwa kuwa wengi wa wafu wao hawakuonekana tena. Walikuwa na vigoda. Kila nyumba iliyofiwa iliweka kigoda cha mtu wake jikoni, na wakati wa kula mfu huyo aliwekewa tonge na kupewa habari za siku: nani kaposwa, nani kanuniana na nani. Bi Sihaba alikuwa na kigoda cha mwanawe Tumba, naye kila jioni alimsimulia mpaka moyo ukatua. Alikuwa mama aliyefiwa, na bado alikuwa na raha yake.

Raha hiyo ilimkera Mtukufu. Kumbukumbu ya taifa, alisema, haiwezi kuachwa jikoni pamoja na masufuria. Basi askari wakapita nyumba kwa nyumba wakivizoa vigoda, na mafundi wakaviunga kuwa kiti kimoja kirefu cha enzi, Kiti cha Mashujaa. Bi Sihaba alilia kwa uchungu na hasira. Hakuwa tena na pa kumsemesha mwanawe, na hata chakula kikamshinda.

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Mawaziri walijua fika kwamba anayekalia kigoda cha mfu huhesabiwa amemfuata, huliliwa papo hapo, wala hajibiwi tena. Ila walijua pia kuwa Mtukufu hasahihishwi. Wakapiga makofi. Jabanda akapanda, akaketi, akajiegemeza.

Uwanja mzima ukaangua kilio. Wanawake wakajifunga kanga viunoni, wanaume wakavua kofia.

"Mnamlilia nani?" akafoka Mtukufu.

"Maskini," waziri mmoja akamwambia mwenzake. "Marehemu alikuwa na sauti."

"Niko hai! Nasema niko hai!"

"Wengine hukawia kukubali," akajibu mwenzake, akijifuta chozi.

Askari wakatazamana, kisha wakageuza bunduki, mitutu chini, kama wafanyavyo mazikoni. Bi Sihaba akapanda ngazi bila kuzuiwa na mtu. Akaipapasa miguu ya kile kiti mmoja mmoja, hata vidole vyake vikaukuta ule aliokuwa akiutafuna Tumba alipoota meno, na furaha ikamjaa usoni. Akafungua kikapu, akaweka tonge la ugali na mchicha sakafuni, karibu na viatu vinavyong'aa vya mtu aliyekuwa bado anapiga kelele.

"Tumba, baba," akasema, "mbuzi wetu kazaa pacha. Na sogea kidogo, una mgeni."