Gari la Kuchomeka na Keki ya Ghorofa Tatu

Kwanza ijulikane kwamba keki hazikuwa na kosa. Zilitoka jikoni zimesimama wima kama askari wa gwaride, zikafika dukani zimeinama kama zinatafuta sarafu iliyodondoka. Na toka jikoni mpaka dukani si safari ya kuagana na ndugu. Unashuka mteremko mmoja, unapita mzunguko, unapinda kwa muuza viti vya plastiki, umefika. Njia fupi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimbomolea Fundi Keki maghorofa yake.

Angeendelea kuzinyoosha kwa kisu na sala, lakini mwenye ukumbi wa harusi alimwita pembeni. Mama yule alikuwa na miwani ya kuning'inia shingoni na maneno ya kupima.

"Dada, keki zako tamu, sikatai. Lakini wageni wangu wanakuja kula, hawaji kuokoa majeruhi. Ya Jumamosi ijayo ikiinama, nitatafuta mtu mwingine."

Keki za ukumbi ule ndizo zilizompa Fundi Keki jina mjini. Akiukosa, atarudi kuoka za kukatwa vipande na kuuzwa getini kwa shule. Basi akarudi nyumbani na lawama zake zote, akazitua juu ya Kifaduro.

Kifaduro alikuwa gari la mumewe, na mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi akiwa amekasirika. Kifaduro akiwashwa anakohoa, akizimwa anakohoa, na katikati hapo hushtuka-shtuka kama mtu aliyeota anaanguka. Kwa kuwa ni gari la kufundishia, lilikuwa na breki mbili: moja ya dereva, nyingine miguuni pa anayekaa pembeni, ili mwanafunzi akipagawa mwalimu aokoe roho za watu. Kila asubuhi mke aliendesha kwenda dukani, mume akikaa pembeni, keki zikiwa nyuma. Gari likishtuka, kutoka kwenye boksi husikika pwa!

"Ni gia hizo," Mwalimu husema, kwa sauti ya daktari.

Makanika alilichukua gari, akalizungusha mtaa mzima peke yake, akarudi akifuta mikono. "Shemeji, gari halina neno. Linakohoa tu, na kikohozi hakiangushi keki." Wote wawili wakakubaliana kwamba makanika yule hajui kazi.

Ndipo Fundi Keki akaenda kwa wenye magari ya kukodisha. Jumatatu jioni kijana mmoja wa tai akamletea haibridi nyeupe, ya kuchomeka kwenye umeme, aijaribu mpaka Ijumaa kisha aamue kama ataikodi kwa miaka mitatu.

"Mama, gari hili lina mioyo miwili," kijana alisema, akilipapasa kama ng'ombe wa mahari. "Kuna injini ya petroli na kuna mota ya umeme. Usiku unalichomeka kama simu. Kwa safari fupi kama zako, petroli utasahau hata harufu yake. Ila betri imeniishia njiani nikilileta, kwa hiyo lichomeke leo leo."

Mwalimu alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma, akainama, akachungulia chini yake.

"Mioyo miwili, eh? Kwetu mwenye hiyo tunamwita ndumilakuwili."

Jina likabaki hapo hapo.

"Ndumilakuwili huyu hajanikoholea hata mara moja," alisema mke.

"Mshika mawili, moja humponyoka."

"Na wewe mshika moja," akadakia mama yake Mwalimu, mama mkwe wa Fundi Keki, kutoka mlango wa jikoni, alipokuwa akimenya vitunguu, "limekuponyoka mara ngapi pale mteremkoni?"

Mwalimu akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Waya ulipitishwa dirisha la jikoni, ukachomekwa ukutani kando ya tanuri. Taa ya kijani ikawaka ubavuni mwa gari, Fundi Keki akaipigia makofi. Kisha akaenda kulala kama kawaida. Na kawaida yake ilikuwa moja: tangu tanuri lilipomgeuzia keki mkaa yeye akiwa usingizini, halali mpaka apitishe kidole kwenye swichi zote za jikoni, ta, ta, ta, ta, huku akiziambia, "Laleni, laleni." Mkono hufanya, kichwa kimeshafika kitandani.

Asubuhi akachomoa waya kutoka kwenye gari, akapakia keki, wakaondoka.

"Unasikia?" alimwuliza mumewe wakiwa mteremkoni.

"Nasikia nini?"

"Ndiyo hivyo! Husikii kitu. Huo ndio umeme."

Injini ilikuwa ikinguruma, tena vizuri tu. Lakini mtu aliyeishi na Kifaduro, hata cherehani angeiona imenuna. Mwalimu naye hakusikiliza. Alikuwa akihangaika na sakafu. Mbwa akikatiza, mguu wake wa kulia unakanyaga zulia. Baiskeli ikitokea, zulia. Jani likianguka kwa nguvu kidogo, zulia. Wakafika dukani jasho likimtoka kama aliyebeba gari mgongoni.

Fundi Keki akafungua boksi. Keki imesimama. Hata waridi la sukari juu yake lilikuwa bado linaangalia mashariki.

Siku ya pili, wima. Siku ya tatu, wima. Kufikia Alhamisi alikuwa mhubiri wa umeme. Aliwahubiria wateja, akamhubiria muuza viti vya plastiki, akamhubiria mama mkwe mpaka kitunguu kikamliza mara mbili. "Umeme hauna papara, mama. Umeme unabeba keki kama mtoto mchanga." Mwalimu alikuwa akisikiliza tu, kimya, na tabasamu dogo ambalo mke alilihesabu kuwa ni la mtu aliyeshindwa.

Ijumaa jioni kijana wa tai akaja na mkataba chini ya kwapa. Akaingia garini, akaangalia mbele ya usukani, akatoka.

"Mama, mlilichomeka kweli?"

"Kila siku!"

"Betri ni tupu. Haijaingia umeme hata wa kuwasha redio. Wiki nzima mmetembelea petroli."

Fundi Keki akageuka taratibu kuelekea jikoni. "Mama, samahani. Ule waya wa dirishani, hukuuchomoa kweli?"

"Mimi?" Mama mkwe akaweka kisu chini. "Jiko hilo hata kuchukua kiberiti nabisha hodi. Mwulize anayeziambia swichi 'laleni'."

Fundi Keki akakitazama kidole chake kama kidole cha jirani. Kisha akamtazama mumewe, ambaye tabasamu lake dogo lilikuwa limekua.

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila usiku."

"Ukanyamaza?"

"Nani aingilie mambo ya mtu na umeme wake?" Mwalimu akapasuka kicheko, akashika geti asianguke. "Mhubiri wetu! Kumbe umeme wenyewe ni petroli! Petroli hii hii ya Kifaduro, kituo kile kile! Hakuna cha umeme wala nini!"

Angecheka kidogo, angepona. Lakini alicheka mpaka mke akapata muda wa kufikiri.

"Ngoja. Kama ni petroli ile ile, na dereva ni mimi yule yule, na mteremko haujahama... mbona keki zimefika wima?"

Kicheko kikazimika kama kimepitiwa na kile kidole.

Fundi Keki akaenda mpaka kwa Kifaduro, akafungua mlango wa abiria, akainama. Mpira wa breki ya dereva ulikuwa bado na mistari yake. Ule wa pembeni ulikuwa umelika, laini kama kipara, chuma kinachungulia.

"Hiyo ni ya wanafunzi," alisema Mwalimu.

"Makanika alikwenda na nani, gari likawa halina neno?"

"Peke yake."

"Na keki zikisema pwa, hapa anakuwa amekaa nani?"

Mwalimu akautazama mguu wake wa kulia. Alikuwa mkweli kabisa kila aliposema ni gia. Miaka yote hiyo mguu ulikuwa ukifanya kazi bila kumwuliza mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kimevaa kiatu cha kamba.

"Usimwonee, mkwe," alisema mama yake. "Mguu huo naujua kabla yako. Ulinipiga mateke miezi yote ya mimba. Haukuwahi kuomba ruhusa."

Kijana wa tai akakohoa kwa adabu. "Sasa mama, tunaandikishana? Mkilichaji, raha yake mtaiona zaidi. Ila nikiondoka nalo leo, kesho lina mtu mwingine wa kulijaribu."

Hapo ndipo mambo yakawa magumu. Jikoni, keki ya ghorofa tatu ya harusi ilikuwa imeshapakwa sukari. Akiwa na Ndumilakuwili, itafika; hilo amelishuhudia kwa macho yake. Akiwa na Kifaduro, ni Mungu na mguu.

Mwalimu akamsogelea, safari hii bila utani. "Lichukue tu, mke wangu. Mguu huu siwezi kuufunga kamba. Ukumbi ukikukataa kwa sababu yangu, nitakuangaliaje usoni?"

Na kwa maneno hayo, akaliponza gari la watu. Mkewe alimtazama mpaka macho yakamlainika.

"Kijana," alisema, "gari lenu zuri, na betri yake naiomba radhi. Lakini siwezi kukodi gari miaka mitatu kwa ajili ya mguu mmoja. Nenda nalo. Nikishajifunza kulala bila kuzima swichi, nitakuita."

Jumamosi asubuhi Mwalimu alifungua mlango wa mbele kwa mazoea.

"Nyuma," alisema mke.

"Nyuma kwenye gari langu?"

"Nyuma, na keki ushike wewe."

Mbele akakaa mama mkwe, ambaye kwa usalama zaidi alivua viatu na kukunja miguu juu ya kiti. Kifaduro akakohoa, akaondoka. Walianza kushuka mteremko kila mtu akiwa amebana pumzi, hata keki. Katikati, mpira ukachomoza kutoka uchochoroni, ukavuka barabara ukidundadunda.

Gu! Mguu ukapiga teke.

"Wewe! Mgongo wangu!" akapiga kelele mama mkwe. "Hujakoma tu, utu uzima wote huo?"

Mbele, Fundi Keki alikuwa amekanyaga breki yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Gari likasimama. Mpira ukapita. Nyuma hapakusikika pwa.

Ukumbini mwenye ukumbi akavaa miwani, akaizunguka keki kulia, akaizunguka kushoto, akachuchumaa kuipima na nguzo ya ukuta. "Hii mmeibeba na nini?"

"Na Mwalimu," alisema Fundi Keki.

"Basi muendelee naye. Jumamosi ijayo nina harusi mbili."

Walipotoka nje, Mwalimu alisimama kando ya Kifaduro akipangusa sukari kwenye suruali. "Na kurudi? Keki imeshashuka."

Mkewe akamfungulia mlango wa mbele. "Haya, kaa."

Mama mkwe akahamia nyuma. Wakaukaribia mzunguko, kuku mmoja akafikiria kuvuka kisha akaghairi. Kifaduro akashtuka, vichwa vitatu vikatikisika kwa pamoja.

"Mnaona?" alisema Mwalimu. "Gia hizo."